Meli Iliyojazwa Lumbesa

Uvumi ulianzia Makambako, kwenye magenge ya viazi, na ulipofika sikioni mwa Mama Obed ulikataa kutoka. Walisema kwamba meli ya Nikodemo, tajiri wa mbao, ina nahodha mmoja mwenye kiti na wengine wasio na kiti. Walisema kila mwenye mdomo anatoa amri ndani ya meli ile, na kwamba siku si nyingi Ziwa Nyasa litaimeza. Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Maana yake, kazi ikiwa na wakubwa wengi wanaovutana, huharibika mbele ya macho yao wote. Kwa watu wengine huo ni usemi wa kujazia daftari. Kwa Mama Obed ulikuwa usemi wenye jina la mtoto, kwa sababu Obed, mwanawe wa pekee, alikuwa baharia ndani ya meli hiyo.

"Dorosela, umeyasikia kwa nani hayo?" alimuuliza muuza viazi mwenzake.

"Kwa dereva wa lori la Manda. Lakini uvumi ni kama pombe ya ulanzi, Mama Obed. Ukilala unazidi ukali. Usiunywe wote."

"Nimeshaunywa, mwenzangu. Sasa unanipanda kichwani."

Hakungoja. Alikuwa na magunia ya viazi ya kuvusha ziwa, basi safari hii akasema atayasindikiza mwenyewe. Lori lilitoka Makambako, likaipita Njombe ndani ya ukungu, likaiacha milima ya Mawengi nyuma, na kadiri lilivyoshuka ndivyo naye alivyovua: kwanza koti, kisha sweta, kisha kitenge cha pili. Alipofika Manda jasho lilikuwa likimchuruzika. Meli ilikuwa gatini, ya bluu, imeandikwa Neema ubavuni.

Obed alishuka mbio kumpokea. "Kamwene, mama!"

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekonda? Nani mkubwa humu ndani?"

Obed akacheka. "Hata salamu hujamaliza!" Akamkalisha juu ya gunia, akamweleza. Nahodha Edward ndiye baba wa chombo, na neno la safari ni lake: meli iondoke au isiondoke. Chini yake yupo afisa wa kwanza, Bi Eveline. Mzigo wote uko mikononi mwake, ukae wapi, uwe kiasi gani, ufungwe vipi. Mhandisi ana injini yake, wala mtu haendi huko kumfundisha. Serahangi Benno huwasimamia mabaharia wa sitahani na kuwagawia kazi. Ndipo wanakuja mabaharia wenyewe, watu wa kamba, rangi na zamu za usukani. "Na mpishi ana jiko lake, mama. Hata nahodha akiingia humo anabisha hodi."

"Kumbe kama usharikani," alisema Mama Obed. "Mchungaji, mwinjilisti, mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa anapitisha kapu la sadaka, hapandi madhabahuni kubariki. Na Nikodemo je?"

Obed akatazama pembeni. "Nikodemo ni mwenye meli. Hayumo kwenye ngazi hiyo. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe halijui hilo."

Kweli hakulijua. Nikodemo alitajirikia kwenye malori, na kwenye lori mwenye gari akisema pakia, dereva anapakia. Mchana ule, viazi vya Mama Obed vikiwa vimeshapakiwa, alifika gatini na Fuso mbili zilizosheheni mbao za paina.

"Mzigo umetimia, bosi," alisema Bi Eveline. "Tazama ule mstari mweupe ubavuni. Maji yameshaugusa."

"Mstari ni rangi tu, binti. Nikitaka nitauchora juu zaidi!" Wapagazi wakaangua kicheko, naye akapata nguvu. "Gunia la viazi linajazwa lumbesa na halipasuki. Meli nayo ina lumbesa yake!"

Mama Obed hakucheka. Lumbesa aliijua kuliko watu wote waliokuwa pale, gunia lile linaloshonewa kilemba mpaka likafanana na mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa. Lumbesa haijawahi kumuumiza aliyeagiza ijazwe. Humuumiza anayeibeba.

Nahodha Edward alishuka kutoka juu. "Bosi, mbao hizo hazipandi. Zikipanda, siondoki."

Nikodemo hakubishana naye. Alimpita kama mtu anavyokipita kisiki, akamwendea serahangi.

"Benno, anayekulipa ni nani?"

Benno akajibu, "Ni wewe, bosi."

"Basi pakia."

Mbao zikaanza kupanda. Roho ya Mama Obed ikapanda nazo. "Obed!" alipaza sauti. "Shuka, mwanangu, twende nyumbani!"

"Mama, nikishuka kwa amri yako, na wewe umekuwa nahodha!"

Neno hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki. Akarudi kuketi, lakini macho hayakumtoka kijana.

Bi Eveline naye hakukubali kudharauliwa. Aliwaita mabaharia wa upande wa kushoto, akawaamuru washushe mbao zilizokwisha kupanda. Upande wa kulia, Benno akawahimiza wake wapandishe. Kushoto wanatoa, kulia wanaongeza, na kila mmoja anatii mkubwa wake! Meli ikaanza kuinamia ziwani taratibu, kama mlevi anayetafuta ukuta. Kamba za gatini zikalia. "Shusheni kulia!" mmoja akapiga kelele. "Ongezeni kushoto!" mwingine akajibu. "Kateni kamba!" akadakia Nikodemo kutoka nchi kavu. Obed alikuwa amesimama chini ya mbao, kamba mkononi, hajui amtii nani. Mbao zikaporomoka kwa kishindo, nyingi zikaishia majini, moja ikaubana mkono wake kwenye chuma cha ukingo.

"Simameni wote!" Nahodha Edward alinguruma. "Asiguse mtu kitu mpaka niseme!"

Wakasimama. Akawaita mmoja mmoja, akahamisha watu kushoto, akainua ule ubao, akashusha zilizobaki mpaka meli ikakaa sawa. Obed alitoka na vidole viwili vimepondeka. Mama yake akachana kitenge, akamfunga.

Na bado Nikodemo hakukoma. "Mbao zilizosalia zirudi juu! Meli inaondoka leo. Nahodha asiyetaka, ashuke!"

Mama Obed akainuka, damu ya mwanawe mikononi.

"Nikodemo." Hakumwita bosi. "Meli ni yako, siiamrishi. Safari ni ya nahodha, siigusi. Lakini viazi vile ni vyangu. Wapagazi, shusheni viazi vyangu!"

"Mzigo ukishapanda haushuki, mama!"

"Kwani ulipanda kwa miguu yake? Utashuka."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mwenye meli. Ungekuwa nahodha, ningeongea kwa unyenyekevu."

Kicheko kikalipuka, na safari hii hakikuwa cha Nikodemo. "Na maharage yangu yashuke!" akasema mfanyabiashara mmoja. "Na mahindi yangu!" akasema mwingine. Nahodha akamgeukia Bi Eveline, naye akasimamia ushushaji, kidogo kulia, kidogo kushoto. Benno akavua kofia, akaenda kusimama nyuma ya nahodha.

"Unanilipa, bosi, nashukuru. Lakini wa kuniamuru ni huyu."

Nikodemo alibaki na meli tupu na mbao zinazoelea. Akapanda Fuso, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi, kwa neno la nahodha, Bi Eveline alipakia upya mizigo ya wafanyabiashara, na mstari mweupe ukabaki juu ya maji. Mama Obed alimwendea nahodha, akapiga goti kidogo kama adabu ilivyo. "Nahodha, kijana wangu aende au abaki?"

"Abaki mpaka mkono upone."

"Umesikia, Obed? Si mimi niliyesema."

Vidole vilipona, ila kimoja hakikunjiki hadi leo. Basi mzazi mwenye mtoto melini ashike haya:

Asipakie mzigo kwenye meli ambayo mstari wake umezama.
Asimwombe mwenye meli jambo lililo la nahodha.
Asimpe mtoto amri akiwa kazini.
Asicheke tajiri anapofanyia usalama mzaha.
Asinyamaze juu ya kilicho chake.

Neema iliinama ikiwa bado imefungwa gatini, bila upepo wala wimbi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.