Dalili Ipo, Yenyewe Bado

— Hadithi ninayo!
— Itoe!
— Ni chungu!
— Tutaimeza hivyo hivyo!

Haya, imezeni, na asinililie mtu. Uliingia ukame. Mito ikakauka, majani yakakauka, likabaki dimbwi moja tu chini ya mlima wa mawe. Nani kalilalia? Kifaru. Akija swala, anafukuzwa. Akija nyani, anafukuzwa.

Sasa alikuwepo Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu, ambaye kila asubuhi hufagia vijia vyake mpaka havina hata jani. Watoto wake wawili walikuwa wamekufa kwa kiu. Alibaki binti mmoja, ulimi umemkauka, hata kulia hawezi.

Sange akaenda kwa Kifaru.

"Shikamoo, mzee."

"Maji hakuna!"

"Sikufuata maji, mzee. Nimeleta habari ya chembe."

"Chembe gani?"

"Jiwe likigongwa, zinaruka chembe. Hizo tunazijua. Lakini juzi, kwenye kijia changu, nimeona dalili ya nyingine, ambayo haina hata jina. Atakayeila hiyo hasikii njaa wala kiu maisha yake yote. Imo ndani ya mawe, ng'ambo ya mlima. Mimi sina nguvu za kuyavunja."

Uongo mtupu! Lakini macho ya Kifaru hayaoni mbali, tamaa yake ndiyo inayoona mbali. Akatoka majini, chapa, chapa, chapa, akavuka mlima. Akagonga jiwe kwa pembe: KUU! Chembe zikaruka, para-para-para, zikaangukia kwenye kijia kilichofagiwa. Sange akainama, akanusa.

"Ipo?"

"Dalili ipo, mzee. Yenyewe bado."

Huku nyuma wanyama wakakimbilia dimbwini. Binti wa Sange akanywa, ulimi ukalainika, akalia. Sange alikisikia kilio kile kutoka ng'ambo, akafurahi mpaka pua ikamtetemeka.

Kesho yake, KUU! Para-para-para.

"Ipo?"

"Dalili ipo, mzee. Yenyewe bado. Lakini kanywe maji kwanza, umekonda."

"Nikanywe, wewe uile? Mjanja wewe!"

Basi hakwenda. Akagonga, akakonda, akagonga. Siku ya saba, KUU! Pembe ikakatika. Kifaru akaanguka, hakuinuka tena.

Sange akageuka aende zake. Akatupa jicho kijiani mara ya mwisho. Kila chembe ilikuwa imelala mwisho wa mchirizi wake mavumbini. Ila mchirizi mmoja, mwembamba, umepinda kushoto, mwisho wake hauna kitu. Upepo hakuna. Akanusa, harufu hakuna.

"Lakini mimi niliongopa," akasema. Aliogopa, maskini.

Binti yake akaja mbio. "Baba, twende nyumbani! Maji tunayo!"

"Tangulia, mwanangu. Nagonga mara moja tu."

Akaokota vijiwe viwili: ti! ti! Akafagia, akagonga. Ti! ti!

Kesho yake binti akamletea maji kwenye jani.

"Baba, ipo?"

"Dalili ipo, mwanangu. Yenyewe bado."

Maji yakakauka juu ya jani, hajayagusa. Siku iliyofuata, jani jingine, na jibu lile lile. Binti alibembeleza, alilia, alimvuta mkia. Wapi!

Kisha asubuhi moja akaja na jani lake, akakuta kijia hakijafagiwa, na baba kalala kando ya vijiwe vyake, haamki. Akaketi pale pale, jani mkononi, akalia peke yake.

— Hadithi sina tena!
— Tumeimeza!
— Chungu?
— Chungu!

Fundisho lake, wanangu, ni kwamba uongo haujawahi kumpatia mtu hata tone la maji. Binti wa Sange mwenyewe husema hivyo kila siku, akishakunywa.