Ubao wa Miaka Tisa

Bwana Mbonea, mwenye nyumba, alipanda kilima akihema mpaka kwenye karakana ya Namsifu, fundi wa magita.

"Nasikia una ubao wa mkangazi ulioukausha miaka tisa," alisema. "Gita langu litoke kwenye huo. Ukinificha, kesho uhame."

Ubao ule Namsifu alikuwa amejiwekea kwa gita lake mwenyewe. Hakubisha.

"Kaa kwanza, mzee, upumue," alisema, akimfutia vumbi kwenye benchi. "Mbao nitakuletea hapo hapo, uchague mwenyewe. Shika kwa ncha za vidole, maana ubao ukibanwa hautoi sauti. Gonga, usikilize. Ulio bora utalia kama kengele."

Akamletea mmoja mmoja. Mbonea akagonga, akatega sikio, akakunja uso. Wa saba ulilia vizuri, na Namsifu akaukumbatia haraka.

"Huu hapana, mzee. Nakuomba."

"Basi ndio huo huo," alisema Mbonea, akaandika jina lake juu yake kwa chaki. Kisha, kwa raha ya kushinda, akaligonga benchi alilokalia. Halikutoa mlio wowote. "Na hili limekufa kabisa. Litie jikoni upikie maharage."

"Nitaliangalia, mzee."

Mbonea alipoishia bondeni, Namsifu aliuinua ubao wa benchi kutoka juu ya magogo yake, akaugonga. Ulilia mpaka paka akaamka.

"Ameugonga kwa mkono wake mwenyewe," alimwambia paka. "Ila hakuinuka kwanza."