Ghailani Aliyekataa Kusema Ameshindwa

Wametusimulia waliotutangulia kwamba zamani, katika milima ya Yemen, palikuwa na kijiji cha watu wachamungu waliolima kwenye miteremko mikali, mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa hadhari. Wazee wao waliukata mlima mfano wa ngazi, wakajenga kuta za mawe, kisha wakapandisha udongo kwa makapu kutoka bondeni na kuujaza nyuma ya kuta hizo. Konde moja liliweza kumaliza umri wa baba na nusu ya umri wa mwanawe. Kwa hiyo ukuta ulipobomoka, hasara haikuwa ukuta. Mawe hupangwa upya. Udongo ukishachukuliwa na maji haurudi.

Kwa ajili hiyo walijiwekea ada. Mwenye konde akielemewa na ukuta wake, alisimama mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya alfajiri na kusema neno moja tu: "Nimeshindwa." Hakuulizwa kwa nini, wala hakuambiwa pole. Wanaume walichukua mitaimbo yao wakamfuata, na ukuta ukasimama. Lakini asiposema mwenyewe, hakuna aliyeingia kondeni mwake kugusa jiwe, maana kumjengea mtu ambaye hajaomba kulihesabiwa kuwa ni kumwaibisha mbele ya mkewe na watoto wake.

Katika kijiji hicho aliishi mtu akiitwa Ghailani bin Sururi. Alikuwa na nguvu nyingi na ibada nyingi. Mtu yeyote akisema neno lile mlangoni, Ghailani ndiye aliyetangulia kufika kwake na ndiye wa mwisho kuondoka, na hakupokea hata kikombe cha maziwa. Watu walimpenda kwa hilo, na walikuwa na haki ya kumpenda. Alikuwa na dosari moja tu, nayo aliionyesha mbele ya mkewe peke yake, Atika binti Hazimu. Kila alipotoka kumjengea mtu, alipokuwa akinawa miguu nyumbani, alikuwa akitabasamu na kusema, "Jirani yetu Dhakwani leo kashindwa tena. Lile konde liandikwe jina la kijiji kizima." Atika hakucheka. Alimmiminia maji tu.

Mwaka mmoja mvua za mwanzo zilikuwa kali, na ukuta mkubwa wa Ghailani ukafunguka katikati, upana wa hatua kumi. Konde lile lilianzwa na babu yake. Bado udongo haukuwa umetoka, kwa kuwa mvua ilikatika siku ile ile. Kila mtu pale alijua hesabu ya msimu: wiki tano za jua, kisha mvua kubwa. Pengo lile lilihitaji kuzibwa ndani ya wiki hizo tano, la sivyo kazi ya babu na baba ingeishia bondeni.

Kesho yake baada ya alfajiri watu walikaa msikitini muda mrefu kuliko kawaida yao. Ghailani alivaa viatu vyake, akasalimia, akaenda zake.

Alianza kujenga peke yake. Kila jiwe alilonyanyua alisema, "La haula wala kuwata ila billahi," hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu, na sauti yake ilisikika hadi makonde ya chini. Wiki ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Wiki ya pili alifika kwenye mawe ya msingi, yale ambayo hubebwa na watu wanne, na hapo akaanza kuyaviringisha kwa mtaimbo, siku nzima kwa jiwe moja. Atika, ambaye alikuwa na kazi zake za kutosha, akawa anashuka baada ya kuoka mkate kumshikia mawe madogo.

Dhakwani alipita njia ya juu, akasimama, akatazama. Alitaka kumrahisishia kusema neno lile, kwa hiyo akafanya mzaha. "Abu Nuhaila," alisema, akimwita kwa jina la binti yake wa pekee, "huo ukuta unaujenga au unaubembeleza?"

Ghailani akajibu kwamba Mungu anamtosha. Dhakwani akasema hilo halina shaka, akangoja kidogo, kisha akaondoka.

Wiki ya nne Atika alizungumza. Hakuwa mwanamke wa kusema sana, na siku hiyo alikuwa amechoka.

"Abu Nuhaila, nenda kesho mlangoni."

"Nimemwachia Mungu jambo langu."

"Wewe hujamwachia. Umelishikilia, nami nimelishika huku. Mkono wako wa kutoa naujua, kijiji chote kinaujua. Wa kupokea umeuficha wapi?"

Akamwambia kwamba mwenye subira hushinda. Atika akasema subira anaijua, yeye ndiye anayepika mara mbili kwa siku na kubeba mawe katikati. Kisha akajifunga kitambaa mikononi na kuendelea, kwa sababu neno lile lilikuwa la mwenye konde mwenyewe, na mke hakuweza kumsemea.

Mvua haikungoja wiki ya tano iishe. Ilikuja alasiri moja, pengo likiwa limebaki hatua tatu. Ghailani na Atika walikimbia kuliziba kwa chochote, mawe, magogo, na mkeka wa kulalia. Maji yalipojaa nyuma ya ukuta, jiwe kubwa la ukingoni lilisogea, likambana Atika mkono wa kulia. Ghailani aliweka bega lake chini ya jiwe na kulinyanyua peke yake. Nguvu alizoziomba alipewa saa ile, zikatosha kumtoa mkewe. Kwa ukuta hazikutosha. Walikaa pembeni kwenye mvua, wakautazama udongo wa babu yake ukipita kwenye pengo la hatua tatu, mweusi na mzito kama uji, mpaka jiwe la mlima likaonekana nyuma ya ukuta.

Alfajiri iliyofuata Ghailani alisimama mlangoni. Alisema, "Nimeshindwa," na sauti ilimtoka kama ya mgonjwa.

Hakuna aliyekwenda nyumbani kuchukua kifaa. Mitaimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani pale pale, ndani ya msikiti, katika kona ya nyuma ambayo Ghailani hakuitazama alipokuwa akiharakisha kutoka, mingi, na baadhi ilianza kupata kutu. Ghailani akauliza vifaa hivyo vimekuwa pale tangu lini. Dhakwani alijibu bila kumtazama, "Tangu kesho yake baada ya ukuta kufunguka. Tuliviacha hapa, nasi tukaja kila alfajiri. Tulikuwa tunangoja useme."

Wakaenda, watu arobaini. Ukuta ulifungwa kabla ya adhuhuri, ukuta mzuri kuliko wote pale mlimani, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Walipokwisha, Ghailani alibaki na imamu wao, mzee Wahbi. Alimuuliza swali ambalo lilikuwa likimchoma. Alisema, "Ewe shekhe, nilimtaja Mola kwa kila jiwe. Nilitegemea nguvu zake, si zangu. Kwa nini sikunusuriwa?"

Mzee Wahbi alimuuliza kwanza, alipokuwa akiwajengea wenzake, alikuwa akisema nini juu yao afikapo nyumbani.

Ghailani aliuweka chini mtaimbo wake. Angeweza kusema kwamba hakusema lolote, na shekhe asingejua. Lakini alikuwa mtu mkweli hata katika makosa yake, akamwambia yote, na jina la Dhakwani akalitaja. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata Atika. "Niliogopa kwamba nao wangenawa miguu wakisema niliyokuwa nikisema mimi. Nilitaka Mungu aninusuru, lakini aninusuru mikononi mwangu, watu waone."

Imamu akasema, "Kalima uliyokuwa ukiisema inaanza kwa 'hapana'. Hapana hila, hapana nguvu. Ni mja kukiri kwamba hana, ndipo amtaje aliye nazo. Wewe uliisema kwa ulimi ukiwa na jiwe begani, ukakataa kuisema mlangoni. Mola alikwisha kukupa nusura siku ya kwanza, Ghailani. Ilikuwa imeegemea ukutani."

Wapokezi wa kisa hiki wanasema Ghailani alimwendea Dhakwani akamwomba radhi, na Dhakwani akamwambia kwamba alikuwa akijua siku zote, kwani kuta za kijiji kile hazikuwa nene. Wanasema pia kwamba kuanzia mwaka huo alishuka bondeni na kapu kila siku isiyo ya mvua, na watu wakimsaidia alikubali, na wakimpa maziwa alikunywa. Alipofariki dunia udongo ulikuwa umefika magotini. Atika alimsamehe mapema, maana alikuwa mwanamke mwema na nyumba haiendeshwi kwa kinyongo, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjuka tena. Nuhaila akawa anasukwa nywele na shangazi yake.

Ndugu zangu katika imani, toba hukubaliwa, na tunalishukuru hilo. Lakini toba haikurudisha udongo mlimani. Wengi wetu tunasema usiku na mchana kwamba nguvu ni za Mwenyezi Mungu, na tukiambiwa tumgongee jirani tunasema tunasubiri faraja. Tumwombe atupe ushindi katika mambo yetu, na kabla ya ushindi atupe ulimi wa kukiri unyonge wetu kungali jua. Mvua ya alasiri haimngoji mtu amalize kuona haya.