Mninga Wenye Nyuki wa Mwisho

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana mimi nilipouliza nilifokewa, palikuwa na kijiji cha Isimbwa, katikati ya msitu wa miombo. Watu wa Isimbwa walikula msitu. Wewe unayecheka huko nyuma, sikusema walitafuna magogo! Nasema asali ilitoka msituni, nta msituni, uyoga msituni, dawa ya tumbo msituni, na kinu cha kutwangia kilitoka hukohuko.

Lakini walikula kwa utaratibu. Mchonga vinu alipewa mti mmoja kwa mwaka. Akiuacha, shauri yake, anasubiri mwaka mwingine. Mrina asali naye akiona nyuki wameingia kwenye tundu la mti, alichanja alama ya ukoo wake kwenye gome, na tangu hapo hakuna mrina mwingine aliyeugusa.

Tena mti wa nyuki ulikuwa na mtunzaji mmoja tu. Kwa nini mmoja? Nami niliuliza hivyohivyo. Nikaambiwa waliwahi kujaribu kuweka wawili. Huyu akakata masega akisema, mwenzangu atabakiza. Yule akakata akisema, mwenzangu amebakiza. Nyuki wakaona hapa hapakaliki, wakahama. Basi ikawa asali mnaweza kugawana mkipenda, ila wa kuamua irinwe lini na kiasi gani kibaki ni mmoja. Kwa hiyo asije mtu hapa baadaye akaniambia, "Si wautunze wote tu!" Njia hiyo nimeshaiziba.

Haya. Alikuwapo Nshoma, mrina asali, mbishi, miguu mirefu. Asubuhi moja aliona kundi la nyuki linapita juu akalifuata. Nyuki wanaohama hawajui njia ya watu. Wao juu, yeye chini, macho mawinguni, miguu inajitafutia yenyewe. Akakimbia, akakimbia, akakimbia, akatumbukia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama muhanga. Mguu ukalia ka! Mwingine angelala palepale amwite mama yake. Nshoma akatambaa. Akatambaa huku macho yako juu, mpaka akawaona wanaingia kwenye tundu la mninga mkubwa. Akachomoa kisu, akachanja alama ya ukoo wake pale chini mkono ulipofika. Ndipo akalia.

Sasa, desturi ilidai jambo lingine. Ukishachanja alama, kabla ya kiangazi lazima ufyeke nyasi kuzunguka shina, ili moto ukija usikute chakula. Nshoma yuko kitandani, mguu umefungwa vijiti. Mkewe akamwuliza, "Baba Shija, nimtume nani akafyeke?"

"Asitumwe mtu."

"Nyasi zimefika kiunoni, baba."

"Nikimtuma mtu si ataujua mti? Nitafyeka mwenyewe nikipona."

Mnawajua warina asali. Atakupa shati lake, atakupa chakula chake, lakini mti wake hakuonyeshi. Nyasi zikaendelea kuota.

Alikuwapo na Kasanda, mchonga vinu. Mwaka ule wakubwa wa kijiji walimpa mti wake wa mwaka, na mti wenyewe ni mninga uleule! Wangejuaje? Aliyejua kulikuwa na nyuki alikuwa kitandani amefunga mdomo. Kasanda akaenda na shoka. Akapiga mara moja, pu! Utomvu mwekundu ukaanza kuchuruzika. Akainua shoka tena, akasikia mvumo. Akaweka sikio kwenye shina. Akazunguka, akatenganisha nyasi, akaiona alama.

Sikilizeni vizuri hapa. Ile alama iliwazuia warina wenzake Nshoma, haikumzuia mchonga vinu aliyepewa mti na wakubwa. Kasanda angekata, angekula asali, angechonga vinu, na asingekuwapo wa kumdai. Lakini alisimama pale kwa muda, kisha akaweka shoka begani akarudi nyumbani. Mwaka mzima hakuchonga hata mwiko. Mkewe akimkuta amekaa humwambia, "Wenzio wanaleta vinu, mume wangu, wewe umeniletea hadithi ya nyuki."

Alikuwapo na Mwashi. Huyu alikuwa mjane. Mumewe alimwachia mizinga, naye badala ya kumpa shemeji yake akaanza kupanda miti mwenyewe na kurina mwenyewe. Wanawake wa Isimbwa hawakuwa wakifanya hivyo. Watu wakamsema, yeye akapanda. Wakamsema tena, akapanda tena. Ile mizinga ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Bila hiyo, pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, kule mbugani kwa kaka yake, akalime mashamba ya watu na kusimangwa kila jioni mbele ya sahani. Mwashi aliogopa masimango yale kuliko nyoka.

Mizinga yake ilining'inia jirani na mninga ule. Alishausikia mvumo, alishaiona alama, akanyamaza. Ni mti wa mtu.

Basi kiangazi kikakolea, moto ukazuka msituni. Wa kwanza kufika alikuwa Mwashi. Kwa nini yeye awe wa kwanza? Nami nilijiuliza, subirini. Akafika, akaona moto unakuja kwa upana, na upepo uko nyuma yake. Upande huu mizinga yake. Upande ule mninga wenye nyasi hadi kiunoni. Mtu mmoja, mikono miwili.

Akakimbilia mninga.

Akang'oa nyasi kwa mikono. Akavunja matawi mabichi, akapiga moto, akapiga, akapiga, kanga ikashika cheche, akaivua akaipigia moto hiyohiyo. Moto ukagawanyika, ukapita huku na huku, ukaenda zake. Ukaichukua mizinga yake yote. Ukaichukua ya Nshoma, ya jirani, ya kila mtu, mpaka ulipofika mtoni. Watu walipokuja kutafuta nyuki katika msitu mzima, walikuta kundi moja tu, kwenye mninga, na Mwashi amekaa chini yake, viganja vimevimba malengelenge, hawezi hata kushika kibuyu cha maji.

Sasa mnaelewa shida iliyokuja. Mvua zikinyesha, nyuki wa mninga ule watazaa makundi mapya. Mtunzaji wake atatundika mizinga kuuzunguka, na makundi yataingia humo. Nyumba moja itaendelea kuwa nyumba ya asali. Wengine watasubiri miaka mpaka nyuki waenee tena, au watahama kijiji.

Wakakusanyika kwenye uwanja wa kuchongea mizinga. Mkuu wa warina asali alikuwa Mzee Mihayo, mtu wa hasira za karibu, asiyependa vikao. Akasema, "Semeni upesi, jua linawaka."

Nshoma akajikongoja na fimbo yake. "Mzee Mihayo, mimi sina maneno mengi. Alama ni ya nani? Ni yangu. Mguu huu umepinda kwa ajili ya nani? Nyuki hao. Kama si mimi kuwafuata, nani angejua wapo? Alama ikidharauliwa leo, kesho kila mtu atarina mti wa mwenzake."

Kasanda akasimama. "Mimi sikuchanja, na mguu wangu mzima. Lakini ndugu zangu, mti si mlinipa wenyewe niukate? Nilikuwa na shoka mkononi. Ningekata, mngekuwa mmekaa hapa mnagombea kinu."

Nshoma akacheka. "Kumbe kutokukata ni kazi! Basi na mimi nipewe msitu wote, maana sijakata mti hata mmoja."

"Wewe huna njaa ya mti," Kasanda akasema. "Acha siku moja kitu ulichopewa halali, wanao wanakutazama, halafu uje kunicheka."

Kisha mama mmoja akapaza sauti, "Na Mwashi je? Hamwoni mikono yake? Ameacha vyake vikaungua, akaokoa cha mtu!" Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, apewe Mwashi. Hata Mzee Mihayo uso ukamlegea, maana aliona kikao kinaisha. Akamgeukia. "Haya, binti yangu, njoo."

Mwashi hakuja. Alisimama palepale, mikono imefungwa majani.

"Mzee, ngoja. Moto ulitoka kwangu."

Waliokuwa wameanza kuinuka wakakaa tena.

Mrina asali wa Isimbwa akimaliza kurina, huzika mchangani mwenge wake wa kufukizia nyuki, kisha anasimama pale mpaka aweze kuuwekea kiganja. Ndipo anaondoka. Mtoto mdogo anaijua sheria hiyo. Mwashi akasema, "Jioni ya siku ile nilirina. Nilimwacha mwanangu nyumbani ana homa. Mwenge niliuzika, ila sikungoja. Asubuhi nilipoona moshi, nilijua umetoka wapi. Ndiyo maana nilifika kwanza."

"Ulituunguza wote!" Nshoma akafoka. "Mizinga ya baba yangu ilikuwa mle!"

"Niliwaunguza, kaka. Na mimi mwenyewe."

"Sasa unasema ya nini? Hakuna aliyekuona!"

"Ningepewa mti kwa sababu isiyo ya kweli, ningeula vipi?" Machozi yakamtoka, lakini hakukaa chini. "Ila sikilizeni. Sikusema ili mnihurumie. Nimesema, na mti bado nauomba. Nani hapa ataulinda kuliko mimi? Katika ninyi nyote, ni mimi tu ambaye sitaondoka tena penye mwenge wenye moto. Na mkininyima, kesho naenda mbugani kwa kaka yangu."

Pakazuka zogo! Huyu anasema, aliyechoma msitu hawezi kuzawadiwa msitu. Yule anasema, mkimwadhibu aliyesema kweli, moto mwingine ukitokea nani atasema? Wa tatu anauliza, kama Nshoma angefyekewa nyasi, mikono ya huyu mama ingeungua? Nshoma akageuza uso. Wa nne anasema, katika watatu hawa asiye na kosa ni mmoja, Kasanda, mpeni twende tukale. Mwingine akamjibu, asiye na kosa, sawa, lakini anajua nini kuhusu nyuki? Kasanda akasema, "Nitajifunza." Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Mzee Mihayo akavua kofia, akajipepea, akaivaa. Akamtazama Nshoma na mguu wake. Akamtazama Kasanda. Alipofika kwa Mwashi, hakuweza kumtazama. Kwa mbali ngurumo ya kwanza ikasikika, mvua zimekaribia, na mninga lazima ukabidhiwe kwa mtu siku ileile.

"Mimi nimeshindwa," akasema. "Semeni ninyi."

Basi na mimi nimewafikisha hapo, msinitazame mimi. Mwashi bado amesimama, anangoja kujua kama kesho anafunga mizigo. Je, nani alistahili kupewa mti ule? Na kama si Mwashi, ni nani kati yenu atakayemwambia?