Haidari Kapu na Mrashi wa Fedha

Zamani mji wa Fayuzi ulipokuwa na milango ya shaba na visima vya maji matamu, na mtawala wake akiwa Sultani Ghasani bin Nasri, aliishi humo mpiga gambusi jina lake Haidari, mtoto wa pekee wa Bi Mwanakheri muuza vitumbua. Na Haidari huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila muziki uliopita masikioni mwake aliupenda. Akisikia zumari ya watu wa bara, ataifuata mpaka aijue. Akisikia matari ya maulidi, marimba ya wachimba chumvi, au kinubi cha wasafiri wa Uhabeshi, atakaa nao hata asahau kula. Vyote alivihifadhi kifuani na vyote alivipenda sawasawa. Alipoitwa harusini alipiga kidogo cha huku na kidogo cha kule, na watu wakacheza wakatoka jasho, lakini waliporudi majumbani mwao hakuna aliyekumbuka ni nani aliyewachezesha.

Wenzake wakampa jina, Haidari Kapu, kwa kuwa hakuna kisichoingia. "Kapu letu," wakimwambia, "leo umebeba za wapi?" Naye akicheka pamoja nao, na moyoni akijiuliza ni lini atapiga kitu ambacho mtu akikisikia barazani, hata hajamwona mpigaji, atasema: huyo ni Haidari.

Tena alikuwa na aibu moja aliyoificha. Kidole gumba chake kilichelewa. Mapigo mawili yalikwenda vizuri, na la tatu likaja nyuma yao likiburuta. Mwalimu wake wa utotoni, Shaha Mbaruku, mkuu wa wapigaji wote wa jumba la Sultani, alikuwa akimchapa vidoleni kwa henzirani na kumwambia, "Ngoma yako inachechemea, mtoto wewe. Inyooshe." Basi Haidari akajifunza kukibana kidole kile, na mbele za watu hakukiachia tena.

Siku zikaenda, na msiba ukaingia jumbani. Mwana Shufaa, binti wa pekee wa Sultani, alikuwa ameketi ukumbini akijifukiza udi, mara macho yakamgeuka na sauti nzito kama jiwe la kusagia ikasema kinywani mwake, "Mimi ni Barhamu, jini wa chini ya misingi. Nimempanda huyu na sitashuka mpaka nipigiwe ngoma yangu."

Sasa desturi ya Fayuzi ilikuwa hivi: kila jini ana ngoma yake, na mtu akipandwa, wapigaji huitwa wakajaribu ngoma hii na hii mpaka jini asikie iliyo yake, acheze, aridhike, aondoke kwa amani. Kwa hiyo Shaha Mbaruku akaulizwa, naye akamwuliza jini ngoma yake ni ipi. Jini akacheka. "Ni ile ambayo sijapata kuisikia," akasema. "Nanyi msidhani mtajaribu bure. Atakayenipigia niliyokwisha kuisikia, naichukua. Na jua la kesho likizama sijapata changu, nashuka na binti yenu chini ya misingi, na hamtamwona tena."

Na kando ya Mwana Shufaa palikuwa na mrashi wa fedha, ule wa kunyunyizia wageni marashi. Shaha Mbaruku akapiga msondo wa wafalme, ngoma aliyoirithi kwa babu zake, na jini akaufungua mrashi, na sauti ikaingia ndani kama moshi unavyoingia kwenye tundu. Shaha akapiga tena, na ngoma haikulia. Ilikuwa kama anapiga godoro. Wapigaji waliomfuata wakapatwa na hayo hayo, kila mmoja akatoka mikono mitupu, mpaka mjini pakakosekana mtu wa kujaribu.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, ndipo mtu mmoja alipokumbuka: wote hawa walikuwa na ngoma moja moja, lakini Haidari anazo za dunia nzima.

Akaletwa uani, mbele ya kiti cha enzi. Sultani, ambaye hakuwa amelala wala kula, alimwambia kwa unyonge, "Haidari, nasikia humo kifuani mwako mna ngoma za nchi ambazo hata majeshi yangu hayajazifikia. Mimi nina binti mmoja. Nikikuamuru, nitakuwa nimekudhulumu, kwa maana unajua utakachopoteza. Basi sikuamuru; nakuomba."

Haidari akamtazama Mwana Shufaa. Alikuwa ameketi wima kama sanamu, na kucha zake zilizotiwa hina zilikuwa zikigeuka rangi ya buluu kwa baridi. Lakini kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto kilitikisika kidogo, kama mtu agongaye mlango kwa ndani. Haidari akakiona. Akasema, "Nitajaribu, Seyyidi yangu."

Akafikiri kwamba jini wa hapa hawezi kuwa amesikia mambo ya mbali, basi akaanza na zumari ya bara. Jini akapiga miayo. "Hii niliisikia kabla mito yao haijapewa majina," akasema, na mrashi ukafunguka. Haidari akapuliza tena, ukatoka upepo mtupu, na alipoutafuta wimbo ule kichwani mwake akakuta mahali pake pamefagiliwa. Akachukua marimba, akapiga za wachimba chumvi; zikaenda. Akachukua kinubi, kikaenda. Kwa kila moja aliyoipoteza alikwenda kwa nyingine ya mbali zaidi, na kila mara alikibana kidole chake, kwa kuwa mbele ya Sultani hakutaka hata pigo moja lichelewe. Na jua likashuka juu ya ukuta wa magharibi, na mrashi ukawa unavuma wenyewe kama mzinga wa nyuki.

Akabaki na nyimbo za gambusi, zile alizozipenda tangu ujana. Hapo jini akalegeza sauti, akasema kwa upole wa kutisha, "Simama hapo, Kapu. Nakuonea huruma. Chagua mmoja katika hizi zilizobaki nikuachie, uende zako. Utakuwa mtu wa ngoma moja kama wenzako, na watu watakujua. Si ndivyo ulivyotaka siku zote?"

Ndivyo alivyotaka. Haidari akasimama, na Sultani akainamisha uso asimwone akichagua. Mara akaona kile kidole cha binti kikitikisika tena, dhaifu kuliko mwanzo. Akaketi. Akapiga wimbo baada ya wimbo, na mrashi ukazimeza zote, mpaka gambusi likawa gogo lenye nyuzi, na kifuani mwake hamkuwa na kitu.

"Kwisha," jini akasema.

Jua lilikuwa limebakisha ukingo mwembamba. Haidari alikaa na gambusi mapajani, hofu imemshika, hajui la kufanya. Na kama mtu mwenye hofu anavyochezesha mguu, kidole gumba chake, ambacho sasa hakikuwa na sababu ya kubanwa, kikaanza kugonga ngozi ya gambusi. Mawili, na la tatu likaja nyuma likiburuta.

Shaha Mbaruku, kwa mazoea ya miaka, akanong'ona kwa ukali, "Hicho kiguru chako, Haidari! Hata leo?"

"Nyamaza, mzee," akasema jini, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na wewe, rudia."

Haidari akarudia kwa haya. Na aliporudia ndipo alipojua anachokipiga. Bi Mwanakheri alikuwa na mguu mmoja mfupi tangu kuzaliwa, na alipokuwa akizunguka na sinia la vitumbua mlango kwa mlango, mwanawe mgongoni, mitalawanda yake, vile viatu vya mti, ililia juu ya mawe: ko, ko, na kisha ule mguu mfupi ukiburuta, kooo. Haidari aliujua mwendo ule kabla hajalijua jina lake mwenyewe. Si zumari wala marimba iliyoingia kwanza kifuani mwake. Ni huo, na nyingine zote zilikuja kukaa juu yake.

Akaacha kuona haya. Akauachia mwendo ule utembee unavyotaka, na uzi mmoja ukaufuata, na wa pili, na ukatoka wimbo ambao hakuufundishwa na mtu. Na ingawa hakukumbuka hata moja ya nyimbo zake, mikono ilikuwa imekwisha kuonja zote, nazo zilikuwamo kama viungo vilivyomo katika mchuzi, unavisikia ulimini na hakuna hata kimoja unachoweza kukinyooshea kidole.

Mabega ya Mwana Shufaa yakaanza kuyumba. Jini alikuwa akicheza.

"Ya nani hii?" akauliza.

"Ya mama yangu," akasema Haidari, "na yangu."

Mkono wa binti ukaunyakua mrashi, na watu wote wakazuia pumzi. Jini akaushika kitambo, kisha akaurudisha chini taratibu. "Hii haichukuliki," akasema. "Ningelazimika kuuchukua na mguu wa mama yake." Akacheza mpaka wimbo ulipokwisha, akashukuru kwa adabu, na mwadhini alipoinua sauti yake kwa magharibi, ua ukajaa harufu ya ubani, na Barhamu akawa ameshuka.

Mwana Shufaa akavuta pumzi ndefu, akaomba maji. Kisha akauchukua mrashi, akasimama kwa kuyumba, na akawanyunyizia wote kama wanyunyiziwavyo wageni, na kila aliyeguswa na tone akarudishiwa chake. Alipofika kwa Haidari akasema, "Nilikuwa mle ndani nikisikia kila kitu. Mbona ulitanguliza za watu?"

"Mwana," akajibu, "nilidhani mgeni mkubwa hapewi chakula cha nyumbani."

Binti akacheka, na Sultani aliposikia kicheko kile akalia mbele ya watu wake. Na Mwana Shufaa mwenyewe ndiye aliyemwambia baba yake kwamba hatamtaka mume mwingine, na ndoa ikafungwa, na Haidari akapewa nyumba yenye ghorofa na bustani. Nyimbo zake zilikuwa zimemrudia zote, na akaendelea kuokota nyingine kila alikopita, hata jina la Kapu halikumtoka. Ila sasa kila alichokipiga kilitembea kwa mwendo mmoja. Shaha Mbaruku akaja kuomba afundishwe pigo la tatu, na ikawa shida kubwa, kwani vidole vyake vilikuwa vimenyooka mno. Haidari alimfundisha kwa saburi, wala hakutumia henzirani.

Basi enyi mnaosikiliza, pendeni vingi, wala msiogope kuitwa makapu. Lakini kile mlichochapwa kwa ajili yake, kabla hamjakitupa, kisikilizeni vizuri.

Na siku ya harusi, wapigaji walipokuwa tayari na watu wamejaa uani, Haidari aliwazuia wasianze. Wakangoja. Ndipo ikasikika mitalawanda juu ya mawe ya lango, ko, ko, ikija bila haraka, na lile pigo la tatu lilipolia juu ya sakafu ya jumba, Haidari akaupokea mwendo ule kwa gambusi.