Mkuki wa Lugeye ni wa Nani?

Tulieni niwape kesi, kwa maana nimeibeba muda mrefu na sijapata wa kuiamua.

Katika misitu ya miombo, kusini ya Tabora, aliishi mwindaji aitwaye Lugeye na mkewe Kalunde. Walikuwa na watoto watatu, wote watu wazima. Milembe, binti yao mkubwa, alijaliwa jicho: alichokitazama alikielewa. Mihayo, wa pili, alijaliwa subira. Angeweza kushinda na nyuki kutwa nzima bila kukereka. Ngassa, kitinda mimba, alijaliwa mkono. Mkuki wake haukukosa.

Nyumbani palikuwa na mbwa wawili, wote majike, Utajuta na Sijali. Hawakupatana hata kidogo. Wakikutana mlangoni walirukiana, wakiona mfupa walirukiana, na aliyekwenda kuwaamulia alirudi anachuruzika damu.

Asubuhi moja nguruwe pori, dume mwenye jino moja lililovunjika, aliingia shambani. Lugeye alitoka kumfukuza, akawaita mbwa wake. Wakaja mbio, wakafika kwenye upenyo wa ua kwa pamoja, na hapo hapo Utajuta akamvamia Sijali. Lugeye akaita mara ya pili. Mbwa walikuwa wameshikana shingo, hawakusikia. Walipoachana, nguruwe alikuwa amekwenda zake na Lugeye amelala kati ya matuta, paja limechanwa hadi mfupani. Jua halikutua akiwa hai.

Matanga yalipokwisha, Kalunde aliutoa mkuki wa marehemu. "Kaniki hii ya msiba siivui mpaka niutafune moyo wa nguruwe yule," aliwaambia wanawe. "Na atakayemlipizia baba yenu, mkuki huu ni wake. Neno lake ndilo litakalofuatwa katika boma hili, kwa watu na kwa wanyama."

Ngassa alitaka kuanza na mbwa. Alikuwa ameshamfunga Utajuta mtini, rungu mkononi, Mihayo alipomshika bega.

"Ukimuua, nguruwe tutamfuata kwa pua ya nani?"

Ngassa akashusha rungu. Lakini alimwinamia mbwa, akamwambia polepole, "Wewe bado."

Milembe akavuta kigoda, akawatazama mbwa siku sita. Siku ya saba akasema, "Hawagombani ovyo. Wanagombea mahali pembamba, chakula, na mtu. Na kabla ya kurukiana, Utajuta hukaza mkia na kutoa macho. Hapo ndipo pa kumwita, si baadaye." Akakagua masikio ya Utajuta, akakuta kidonda kilichooza ndani, akakitibu. Tangu siku hiyo kila mbwa alilishwa upande wake wa nyumba, mfupa haukuachwa uani, na upenyo wa ua ukapanuliwa.

Mihayo naye akachukua kamba mbili. Kila siku aliwatembeza mbwa pamoja na dada yake, mmoja huku na mwingine kule, wakiwa mbali kama mwisho wa shamba. Kila wiki waliwasogeza kidogo. Wakikaziana macho, aligeuka nao, akaanza upya kesho yake. Mwezi wa pili kamba ikakatika, mbwa wakashikana. Mihayo alimvuta Utajuta kwa miguu ya nyuma, lakini Sijali alimng'ata mkono wa kulia, vidole vikafa ganzi. Hakumpiga. Kesho yake alifunga kamba mkono wa kushoto, wakaendelea. Mwezi wa nne mbwa wale walipita upenyoni bega kwa bega.

Ndipo Ngassa akawachukua. Walimfuata nguruwe tangu alfajiri hadi adhuhuri, wakamkuta kwenye korongo. Utajuta alishika sikio la kulia, Sijali la kushoto, wala hakuna aliyemtazama mwenzake. Nguruwe alijitupa, akampasua Utajuta ubavu, lakini hakuachiwa. Ngassa alishuka korongoni, akasimama hatua moja mbele ya jino lile zima. Mkuki aliuzamisha taratibu, akilitaja jina la baba yake mpaka mnyama akanyamaza.

Kalunde aliuchoma moyo, akautafuna wote, hakumgawia mtu. "Nilidhani nitashiba," alisema.

Ngassa akanyoosha mkono. "Mama, mkuki. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya jino. Na mkishanipa, namalizia wa pili." Alikuwa anamtazama Utajuta, aliyelala kivulini akilamba ubavu wake.

"Nilipovuta kigoda, mlikuwa na mbwa wa kuuana tu," Milembe alisema. "Jicho langu ndilo lililomkamata nguruwe yule."

Mihayo aliuinua mkono wake uliokufa. "Mimi mkuki siwezi hata kuushika. Lakini nimeutoa mkono kwa ajili ya mbwa hawa, nao haurudi tena. Mbwa huyo haguswi."

"Baba alimwita mara mbili," Ngassa akajibu.

Kalunde aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameapa kwamba mkuki ni wa mlipiza kisasi, na kiapo cha mjane hakirudishwi. Lakini alijua kwamba ukienda kwa Ngassa, mbwa anakufa leo. Ukienda kwa wengine, aliyemwaga damu ya nguruwe ataondoka bomani na kinyongo. Akaulaza mkuki chini, katikati yao.

Na hapo ndipo nilipokwama mimi. Haya, ninyi mnaonisikiliza: nani alimlipizia Lugeye? Je, wewe ungemwambia nani ainame auokote?