Wagonjwa Kumi wa Kiajemi

Sogeeni, sogeeni, jibaneni hapa mkekani. Nawe unayetafuna muhogo, umeze kwanza, maana nataka kimya. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, asije akanikatiza katikati. Tayari? Haya basi.

Hapo zamani palikuwa na mji uitwao Kiwandeo, na sultani wake akiitwa Sultani Shihabu. Hakuwa mtu mbaya, la, ila alipenda mno kuonekana mwenye elimu. Basi akajenga Nyumba ya Vitabu, akamweka humo Tabibu Mardani, bwana mwenye kilemba kikubwa kama kapu la nguo chafu, na akatoa amri: habari yoyote ya maradhi isiyoandikwa kwa Kiajemi isipokewe, na ihesabiwe kuwa haipo. Ikawa katika mji mzima wajuao Kiajemi ni wawili tu, Tabibu na Sultani, na Sultani mwenyewe nusu nusu.

Mwaka mmoja maradhi ya kuhara yakaingia mjini. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Bi Mwanakheri, mkunga aliyekuwa pia akiosha maiti za wanawake, akaona jambo. Kila nyumba aliyoitwa kuosha ilikuwa ikinywa maji ya Kisima cha Barazani, kilicho jirani na shimo la watengeneza ngozi. Nyumba zinywazo maji ya Mtoni hazikuwa na msiba. Akaandika yote kwa Kiswahili, kwa herufi alizojifunza chuo cha Kurani, nyumba kwa nyumba na jina kwa jina, akampa Mshamu karatasi aipeleke.

Mshamu huyu alikuwa mchukuzi wa maji. Mali yake ilikuwa mzega mmoja, ule mti wa kuchukulia begani, na mitungi miwili, na watu walimwita mpumbavu kwa sababu ukimwambia neno hulifuata lilivyo. Bi Mwanakheri akamwambia, "Mwanangu, kimbia. Ijumaa ni karamu ya mavuno, na sharubati ya mji mzima itachanganywa kwa maji ya kisima kile. Watu wakiinywa, nitaosha mpaka mikono inichubuke."

Mshamu akafika barazani, akaitoa karatasi. Tabibu Mardani akaipokea kwa ncha za vidole, akaisoma tangu juu hata chini, kisha akaitupa.

"Ewe Bwana," akamwambia Sultani, "hii imeandikwa kwa lugha ya watu wanaogombania pweza sokoni. Elimu haikai humo."

Mshamu akasema, "Sultani wangu, maiti zenyewe ni za Kiswahili."

Watu wa baraza wakacheka, na Sultani akaona amefanyiwa mzaha. Akasema, "Vema! Wewe unasema mji unaugua. Basi kabla ya sharubati ya Ijumaa niletee wagonjwa kumi walioeleza ugonjwa wao kwa Kiajemi, majina yao yawe daftarini. Ukiwaleta, nitakifunga kisima. Ukiwakosa, sharubati itanywewa, nawe utakula bakora themanini."

"Nimesikia na nimetii," akasema Mshamu, akapewa daftari.

Basi akazunguka mji na mzega wake begani na daftari kwapani. Akafika kwa Bi Rukia, akamkuta kajikunja mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Tumbo lakukata kwa lugha gani?"

"Ati nini?"

"Likuumapo, lasema Kiajemi?"

"Mwanaharamu we! Lasema nikimbie! Nipishe njia!"

Akenda kwa mzee Tajo, fundi wa makubadhi, akamwuliza vilevile. Mzee Tajo akamrushia kiatu, na hakumkosa. Ikawa siku ile na ya pili yake ni matusi na viatu, na Mshamu kila nyumba akiwaachia mtungi wa maji ya Mtoni, akiwaambia, "Kunyweni haya. Yale msiyaguse."

Ijumaa ikafika. Mapipa ya sukari na ndimu yakapangwa uwanjani, watu wakajaa, na maji ya kisima yakasubiri amri. Bi Mwanakheri akasimama mbele, macho yamemtoka. Mshamu akaingia na daftari na gudulia moja la maji.

Sultani akauliza, "Wako wapi wagonjwa wangu?"

Mshamu akalifunua daftari, nalo jeupe kama lilivyotoka. "Furahi, Ewe Bwana! Hakuna hata mmoja. Nimewaona wanaojikunja, na wanaozikwa, lakini wote kwa Kiswahili, nao kwa amri yako hawapo. Mji ni mzima, na kisima ni salama. Basi yafaa wakubwa waanze." Akajaza vikombe viwili toka guduliani, kimoja akampa Sultani, kimoja akampa Tabibu.

Sultani akakinyanyua kikombe. Kikafika kidevuni, kikasimama hapo.

"Tabibu," akasema, "anza wewe."

"Bwana wangu, mimi leo nimefunga."

"Umefunga? Si asubuhi hii tumekula mkate wa mofa pamoja, ukaomba na wa pili?"

Tabibu akatokwa na jasho. Mshamu akainamisha kichwa. "Sultani wangu, usimlaumu. Tumbo la Tabibu limekwisha kuyasahau maji ya kisima. Tangu jioni ya siku ile aliposoma karatasi ya Bi Mwanakheri, mtumishi wake ananipokea mlangoni na kuniambia, 'Usituletee ya kisima, Mshamu, tuletee ya Mtoni, na usimwambie mtu.' Mimi ndiye nimchukuliaye. Siku ya tatu leo, mitungi minne kila siku."

Uwanja mzima ukamgeukia Tabibu. Kisha mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Kumbe Kiswahili chaingia kwa Tabibu kwa mlango wa uani!" Watu wakaangua kicheko.

Sultani akamgeukia Tabibu. "Uliielewa?"

"Niliielewa, Bwana."

"Uliiamini?"

Tabibu akatazama vidole vya miguu yake. "Niliiamini, Bwana."

"Ukawaacha watu wangu wanywe!" Sultani akautazama mkono wake mwenyewe, ungali umeshika kikombe kilichojaa. "Nami pia nimeiamini," akasema polepole, "la sivyo ningekuwa nimekwisha kunywa."

Mshamu akakitwaa kikombe mkononi mwake, akakinywa chote, akapangusa midomo. "Maji ya Mtoni haya, Ewe Bwana. Mimi ni mpumbavu, si mwuaji."

Hapo Sultani akacheka, ingawa uso ulimwiva kwa haya, akacheka mpaka kilemba kikamkaa upande. Siku ileile kisima kikafukiwa, na sharubati ikachanganywa kwa maji ya Mtoni, ikachelewa hata alasiri, wala hakulalamika mtu. Sultani akaamuru habari ya maradhi iandikwe kwanza kwa lugha ya wanaougua, isomwe sokoni, kisha atakaye Kiajemi aitafsiri kwa taabu yake. Na Tabibu akapewa kazi ya kuitafsiri karatasi ya Bi Mwanakheri, na bibi mwenyewe amesimama nyuma yake, akimkosoa kila alipokosea jina la mtu.

Sultani Shihabu alipofariki, mwanawe alirithi kiti. Vitabu vya Kiajemi walivirithi wana wa Tabibu, na mchwa wakapata fungu lao. Karatasi za Bi Mwanakheri, ambazo siku hizo zilijaza sanduku zima, alizirithi mjukuu wake Mwanashaha, naye akaendelea kuandika. Mshamu alikuwa amepewa zawadi ya punda mweupe wa Sultani. Punda huyo alirithiwa na mpwa wa Mshamu, Kidawa, mwanamke jasiri, na ujasiri ulihitajika, maana punda alikuwa akiuma, na hakuchagua wa kumwuma kwa lugha.